«Mashini imekataa»: etiketi ya mufuko inasomwa namna gani

Kuna neno moja ambalo kila mukubwa wa ekipe anayeshusha mali Goma amekwisha kulisikia: «Mashini imekataa.» Mufuko uko juu ya mizani, etiketi imefungwa shingoni, karani anapitisha ile mashini yenye mwangaza mwekundu, inalia ama hailie, anaangalia ekra, anatikisa kichwa. Toka hapo mufuko unasukumwa pembeni. Feza inangoja. Kule kilimani wale waliochimba, waliobeba na waliosafisha wanangoja pia, na mama nyumbani anaongeza deni kwa muuza unga.

Sisi wa sendika tuliamua kulifwata hili neno mpaka mwisho wake. Tuliingia mu depo, tukaomba kuona, tukaketi na makarani, tukasoma vile vitabu vidogo vinavyokuja mu karto ya mashini. Tulichokuta ni hiki: mara nyingi mashini haikukataa kitu. Imesoma nimero vizuri kabisa. Ila mutu aliyeichomeka kwenye ordinatere hakuiregle, na sasa mashini inasema luga moja, ordinatere inasikia ingine. Ni reglaje ya dakika tano. Na juu ya hizo dakika tano ambazo hakuna mutu alizichukua, kuna familia zilizolala na njaa.

Tukumbushe kwanza hii etiketi ilitoka wapi, kwani vijana wengi walioingia mu shimo miaka hii waliikuta tayari. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria ambayo watu wanaiita Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinaomba kampuni zenye hisa sokoni kule ziseme kama koltan, kasiterite, wolframite na zahabu wanayotumia inatoka Kongo ama kwa majirani wake, na kama imelisha watu wa silaha. Mwezi wa kenda mwaka uleule, raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema. Ulifunguliwa tena mwezi wa tatu 2011. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa ile miezi ilikuwa namna gani. Masoko ya vilimani yalikauka, watoto wakatoka masomo.

Mpango wa etiketi, ule wa iTSCi ambao nyuma yake kuna vyama vya wafanyabiashara wa bati na tantale duniani, ulikuwa umeanza kujaribiwa Kalimbi, pale Nyabibwe, mwaka uleule wa 2010. Amri ikausimamisha. Ulirudi Kalimbi 2012, na 2014 ukafika Rubaya, wilaya ya Masisi. Ulaya nayo ilitia sheria yake mu kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Basi ile kipande ya plastiki tunayoona kwenye mufuko si urembo. Bila yenyewe, mali yetu haina mulango wa kutokea, ao inatokea kwa mulango wa nyuma na kwa bei ya mulango wa nyuma.

Kazi yake inaenda hivi. Kule kilimani ajenti wa SAEMAPE (zamani tuliiita SAESSCAM) anafunga etiketi ya kwanza kwenye mufuko na kuandika mu kaye: nimero, kilo, tarehe, shimo. Mufuko ukifika kwa negosia, ajenti wa Division des Mines anafunga etiketi ya pili, na anaandika kwamba hii ya pili imezaliwa na ile ya kwanza. Kwenye komptuare nimero zote zinakusanywa tena, CEEC inapima na kuhakikisha, halafu kundi lote linatafutiwa cheti cha CIRGL ili livuke mupaka. Maana yake: nimero inatembea toka kaye mpaka kaye, toka mukono mpaka mukono. Kama nimero iliyoingia Goma hailingane na ile ya kilimani hata kwa tarakimu moja, mufuko unakuwa yatima. Hauna baba wala mama. Na yatima, tunajua, kila mutu anamupangia bei anayotaka.

Sasa mashini yenyewe.

Kwenye etiketi kuna misitari myeusi na myeupe, mingine minene, mingine myembamba. Chini ya misitari kuna nimero ileile kwa tarakimu, ili mutu naye aweze kusoma. Hii akili ya misitari ni ya zamani kuliko watu wanavyofikiri. Mumarekani mumoja, Norman Joseph Woodland, aliyekuwa amejifunza Morse, alikuwa ameketi ufukoni Miami akikokota vidole vyake mu mchanga. Akaona kwamba nukta na mustari wa Morse vikivutwa chini vinakuwa misitari myembamba na minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipewa hati ya uvumbuzi 1952. Lakini dukani, misitari ya kwanza ilisomwa tarehe 26 mwezi wa sita 1974, muji wa Troy, jimbo la Ohio, kwenye paketi ya chingamu ya Wrigley. Tunapenda hii habari sababu ilianzia mu mchanga, sawa kazi yetu.

Mashini inatupa mwangaza kwenye misitari. Neusi inameza mwangaza, nyeupe inaurudisha. Mashini inapima upana wa kila mustari, inageuza kuwa tarakimu, inazituma kwenye ordinatere kwa kamba. Na hapa ndipo kuna siri yote, tunaomba muisome polepole: kwa ordinatere, ile mashini ni klavie. Ordinatere haijue kama kuna etiketi, haijue kama kuna koltan. Inafikiri kuna mutu anabonyeza vifungo kwa haraka sana. Mashini haitume «7». Inatuma: «nimebonyeza kifungo kiko mahali fulani kwenye mustari wa juu». Ni ordinatere inayoamua kama kwenye ile nafasi kuna 7 ao kitu kingine.

Zinapotoka kiwandani, karibu zote zinafikiri klavie ni ya Kimarekani. Kule, mustari wa juu unatoa tarakimu moja kwa moja. Sisi tuko inchi ya Kifaransa. Kwenye klavie ya Kifaransa, kila mwanafunzi wa komersiale na informatike anajua, ukibonyeza mustari wa juu bila Maj unapata &, é, ", ', na zingine vile. Tuchukue nimero ya mufano, 0471823. Mashini ya Kimarekani ikiituma kwa ordinatere ya Kifaransa, kwenye ekra kunatokea hii:

à'è&_é"

Karani anaona hii takataka, anasema mashini imekataa. Ao, na hii ndiyo mbaya zaidi, anasema etiketi ni ya uongo. Kama kuna herufi mbele ya nimero, zenyewe pia zinabadilishana: A inakuwa Q, Z inakuwa W, na M inakuwa alama ya kuuliza.

Hii si hadisi. Mu depo moja ya hapa Goma, ambayo jina lake tunaliacha, mifuko kenda ya ekipe moja ilikaa pembeni siku kumi na mbili. Karani, kijana mwenye heshima, alikuwa anasoma etiketi na kupata alama za kushangaza. Aliita mukubwa wake. Mukubwa akasema hizi etiketi zimechezewa, mali ina shida, kama munataka tuinunue ni kwa bei ya chini, kama hamutake mubebe. Kubeba wapi? Mali iliyokataliwa depo moja, habari yake inafika depo ya pili mbele ya mufuko wenyewe.

Tulienda watu watatu. Tulimwambia yule kijana: «Mudogo, hatukuje kugombana. Fungua Bloc-notes, soma etiketi moja, tuone.»

«Papa, mutaona vilevile tu. Nimejaribu asubui yote.»

Alisoma. Ikatoka à na & na ndugu zao. Mwenzetu mumoja, aliyewahi kuwa sekretere wa masomo, akamwomba abonyeze kwa mukono tarakimu za mustari wa juu, moja mpaka sifuri, bila Maj. Zikatoka alama zilezile. Halafu akamuuliza: hii ordinatere ni ya lini? Kumbe ya zamani ilikufa juu ya umeme, hii ililetwa juma mbili mbele. Ya zamani ilikuwa imewekwa Kiingereza. Mashini ya kusoma ni ileile, haikuguswa. Ilikuwa inasema Kiingereza na mwenzake wa Kiingereza, na leo mwenzake ni Mufaransa.

Kitabu kidogo kilipatikana mu droo, chini ya mafaktire. Dakika tano. Etiketi zote kenda zikasoma, na kila nimero ikalingana na kaye ya kilimani. Mifuko minane ililipwa bei yake. Wa kenda haukulipwa, sababu mwenyewe, aliyekuwa na mutoto hospitali, alikuwa amekwisha kuuacha kwa ile bei ya chini siku tatu mbele. Tuliomba arudishiwe tofauti. Tuliambiwa biashara iliyoisha imeisha.

Namna ya kuiregle

Tuandike sasa vile inafanyika, ili mukate hii page na kuitia mu kaye ya ekipe. Mashini nyingi za mukono hazina ekra wala vifungo vya kuchagua. Zinareglewa kwa kuzisomesha misitari ingine, ile iliyochapwa mu kitabu chake. Kila mustari ni amri. Unasoma ule wa kuingia mu reglaje, halafu ule wa klavie unayotaka, halafu ule wa kutunza na kutoka. Mashini zingine zinaomba amri moja tu. Kitabu kinaeleza, na mara nyingi kuna kurasa za Kifaransa.

Kitabu cha aina moja hakifae kwa aina ingine. Tumeona mutu anachukua amri ya mashini ya jirani, mashini yake ikanyamaza kabisa. Angalia jina na modeli chini ya mukono wa mashini, tafuta kitabu cha modeli ile kwenye mutandao wa kiwanda chake, na ukichapa karatasi usiipunguze ukubwa. Kusoma amri kwenye ekra ya telefone, mashini za laser hazijue. Zile zenye kamera ndani zinaweza. Na kwa kuwa amri zimepangwa karibukaribu kwenye ukurasa, funika zingine kwa karatasi ao kwa mukono, mashini isije ikasoma jirani. Ukipotea kabisa, kuna amri ya kurudisha mashini vile ilitoka kiwandani. Lakini ukiirudisha kiwandani, umeirudisha Marekani: lazima uweke klavie upya.

Klavie gani? Hapa makarani wengi wanaangalia herufi zilizochapwa kwenye vifungo. Zile ni rangi tu. Goma tunapata ordinatere toka Dubai na Kampala zenye vifungo vya Kiingereza, fundi ameziweka Kifaransa ndani. Na kuna za okazioni kutoka Ubelgiji, na klavie ya Wabelgiji si ileile ya Wafaransa hata kama inafanana. Usiangalie, jaribu: bonyeza 6 na 8 za mustari wa juu bila Maj. Zikitoka 6 na 8, ordinatere inasema Kiingereza. Ikitoka - na _, ni ya Ufaransa. Ikitoka § na !, ni ya Ubelgiji. Chagua amri ya mashini kufwatana na hayo. Mu kitabu utakuta Ufaransa na Ubelgiji kila moja na mustari wake.

Kuna jambo lingine ambalo lilitufundisha kwa nini siku zingine «mashini inakubali» na siku zingine «inakataa», mpaka watu wakaanza kusema mambo ya ulozi. Kwenye Windows ya Kifaransa, kama kifungo cha Verr Maj kimewashwa, mustari wa juu unatoa tarakimu. Basi karani ambaye jana aliandika majina kwa herufi kubwa aliacha Verr Maj imewaka, mashini ikasoma muzuri siku nzima. Leo mwenzake amekizima. Hakuna ulozi. Na kuacha Verr Maj ikiwaka si dawa, sababu A na Q zitaendelea kubadilishana.

Reglaje ya pili ni kile mashini inachotuma kisha nimero. Inapashwa kutuma Entrée, ili ekra ishuke kwenye mustari unaofwata. Kama haitume kitu, nimero ya mufuko wa pili inashikamana na ya kwanza, na mifuko mbili inakuwa mufuko moja wenye nimero ndefu isiyokuwa na mwenye. Hii pia ni amri moja mu kitabu.

Ya tatu ni namna ya kusoma. Kuna depo zinazoweka mashini kwenye kigingi, inasoma yenyewe bila mutu kubonyeza. Ni vizuri kwa mukono wa karani, lakini kama haikuregle muda wa kungoja, etiketi ikikaa mbele yake inasomwa mara mbili, mara tatu. Mutu wa kontrole akija, anakuta nimero moja mara mbili mu rejista. Kwake hiyo inaitwa wizi: etiketi moja, mifuko mbili. Na mutu wa kwanza kuulizwa atakuwa nani? Si mashini. Tafuta amri inayokataza kusoma kode ileile mara mbili kwa mufululizo, ama rudisha mashini kwenye kubonyeza kwa kidole. Sisi tunapenda kidole.

Ya ine iko hatari sababu haionekane. Kuna aina mbalimbali za hii misitari. Ile inaitwa Code 128 inabeba ndani yake tarakimu ya kujihakikisha. Ikisomwa vibaya mashini inajua na inanyamaza. Lakini kuna aina ingine, wataalamu wanaiita 2 kati ya 5, ambayo mwangaza ukipita mushazari, ao etiketi ikiwa imekunjwa, mashini inaweza kusoma nusu na kufikiri ni nzima. Inalia kwa furaha, na tarakimu mbili hazipo. Dawa yake ni kuiambia mashini urefu wa nimero unaokubaliwa, na kuzima aina zote za misitari ambazo depo haitumie. Yote iko mu kitabu. Kwa sisi wenye mufuko, dawa ni rahisi zaidi: tuhesabu tarakimu kwenye ekra.

Kisha kuna Excel. Hapo mashini haina kosa, lakini lawama inaanguka juu yake. Nimero yetu ya mufano inaanza na sifuri. Excel ikiona 0471823 inafikiri ni hesabu ya kawaida, inatupa sifuri, inaandika 471823. Kesho kaye ya kilimani inasema moja, rejista ya Goma inasema ingine. Na nimero ndefu inayopita tarakimu 15, Excel inageuza za mwisho kuwa sifuri bila kukuuliza. Mbele ya kuanza kusoma, safu yote ya nimero inapashwa kuwekwa kuwa «Texte». Mbele, si kisha. Sifuri iliyokwisha kupotea hairudie.

Kuhusu udongo hatutarefusha. Mufuko wa koltan unatoka kilimani na matope, etiketi inakwaruzika njiani. Maji kidogo, kitambaa, usitumie kisu. Ikikataa kweli, nimero iko chini ya misitari kwa sababu hiyo: mumoja asome kwa sauti, wa pili aandike, wa kwanza asome tena kwenye ekra. Etiketi yenye misitari iliyoharibika lakini nimero inaonekana si etiketi ya uongo. Karani hana haki ya kupunguza bei juu ya matope.

Mashini haijue kilima

Hatutake mutu afikiri kwamba tukishaweka klavie ya Kifaransa basi kila kitu kiko sawa. Mashini inasoma nimero. Haisome mali. Etiketi ya kweli ikifungwa kwenye mufuko wa mali iliyotoka kwingine, mashini italia vilevile, nimero itakuwa safi, rejista itakuwa nzuri. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya etiketi zinazouzwa ama kufungwa mahali hazipashwe kufungwa. Mwezi wa ine 2022, shirika la Global Witness lilitoa ripoti nzito likisema mali nyingi isiyo safi inasafishwa kwa njia ya iTSCi. iTSCi yenyewe ilikana. Kisha, mwezi wa kumi mwaka ule, RMI, ule mpango wa kampuni kubwa wa kuchunguza mahali madini yanatoka, uliiondoa iTSCi kwenye orodha ya mifumo unayoitambua.

Sisi tunasema haya kwa uchungu, sababu mwizi akicheza na etiketi kule juu, wanaofungiwa bei ni wachimbaji wa chini. Lakini ndiyo maana vilevile hatukubali makosa ya reglaje yaitwe udanganyifu. Tukiacha kila à na é iitwe etiketi ya uongo, siku udanganyifu wa kweli utakapotokea hakuna atakayeuona, utakuwa umejificha katikati ya takataka. Na wale wanaopenda takataka wapo. Mufuko ulio na «shida» ni mufuko unaonunuliwa rahisi, na kesho shida yake inapona yenyewe ukiwa mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo tumekubaliana na ekipe zetu mambo ya kuomba kwenye depo, kwa upole, mbele mizani haijaanza. Mukubwa wa ekipe anakuja na kaye yake mwenyewe, si ile ya ajenti tu, ambamo ameandika nimero ya kila etiketi kwa mukono wake kilimani, pamoja na sifuri za mbele. Mutoto wa masomo anaweza kumwandikia, haijalishi. Anaomba karani afungue Bloc-notes na kusoma etiketi tatu: ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Anaangalia ekra na kaye. Tarakimu zote zipo? Zimeshuka kila moja mustari wake? Hakuna iliyojirudia? Kama ndiyo, kazi ianze. Kama hapana, mifuko isiguswe, kitabu kitafutwe.

Makarani wengine walikasirika mwanzoni, wakasema wachimbaji wamekuwa mainjinia. Wengine walifurahi, sababu wao pia wanalaumiwa na wakubwa wao kwa mambo ambayo hakuna mutu aliwafundisha. Mu depo mbili za Goma sasa zile amri tatu, ya klavie, ya Entrée na ya kutunza, zimepigwa fotokopi na kubandikwa kwa skochi kwenye meza, chini ya kipande cha karto cha kuzifunika ili mashini isizisome bila kutaka.

Mama wengi wanaochagua na kuosha mali wametuuliza kama telefone inaweza kusoma etiketi. Inaweza. Kuna programu za bure zinazosoma misitari kwa kamera, na telefone haina mambo ya klavie hata kidogo, kwani haijifanye klavie. Inaandika nimero yenyewe vile iko. Basi mutu akiambiwa mashini imekataa, anaweza kusoma etiketi yake papo hapo na telefone ya mutoto wake, akaonyesha nimero. Kamera ipanguswe, etiketi inyooshwe, mwanga uwe wa kutosha. Kwenye depo zingine wanakataza telefone ndani. Huko, mutu asome etiketi yake mulangoni mbele ya kuingia, atunze picha yake na saa yake, halafu aingie.